Kushuka mto Mosel, Ujerumani, kwa baiskeli na hema: mwongozo wa siku sita

Saa zote humu ndani ni za Kiswahili. Naliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu limewahi kunigharimu siku nzima. Nilimwandikia shemeji yangu, mtu wa Tanga aliyehamia Hamburg miaka mingi: "Jumamosi saa tatu, stesheni ya Koblenz." Nilimaanisha saa tatu asubuhi. Yeye Ujerumani imeshamwingia, akasoma saa tatu akaelewa "drei Uhr", yaani saa tisa alasiri. Nikakaa pale na baiskeli iliyosheheni, nikala mikate miwili, nikahesabu treni za mizigo mpaka zikanichosha. Saa tisa kasoro dakika tano akateremka, kifua mbele: "Leo nimewahi, eh?"

Tukafika Trier, mji ambako safari inaanzia, jioni, tukakimbilia kambini kabla mapokezi hayajafungwa, na kwa haraka ile dukani hatukupita. Kesho yake ikawa Jumapili, maduka yamefungwa kila mahali. Siku ya kwanza ya likizo tukaiendesha kwa ndizi mbili na karanga za shemeji.

Njia za baiskeli za kando ya mito ya Ujerumani hazina ugumu. Mto haupandi mlima, na njia inaufuata mto. Anayeendesha baiskeli kwenda sokoni Tanga au Kisumu ana miguu ya kutosha. Mgeni hushindwa na saa: saa ya mapokezi, ya duka, ya treni, ya kunyamaza. Kwa hiyo mwongozo huu utaisema saa kila mara, nivumilie.

Hatua ya kwanza: chagua mto, kisha chagua mwezi

Mito yenye njia nzuri ni mingi. Elbe inatoka mpakani mwa Jamhuri ya Cheki, inapita Dresden na Hamburg mpaka baharini Cuxhaven. Weser inaanzia Hann. Münden, mahali ambapo Werra na Fulda zinakutana. Donau inakupeleka Passau na kuvuka hadi Austria. Rhein kati ya Koblenz na Bingen ina ngome kila kona, na tangu 2002 bonde lile limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini lina reli kingo zote mbili, na treni za mizigo hupita usiku kucha. Ukilala kwenye hema pale, mto wako wa kichwani unatetemeka pamoja na mto wa maji.

Kwa anayeanza mimi nasema Mosel, kutoka Trier hadi Koblenz. Kwa mstari ulionyooka miji hiyo miwili haiko mbali zaidi ya kilomita 100, ila mto unajikunja kama nyoka aliyeshiba na kutumia karibu kilomita 190. Kambi ziko karibu na kila mji, na ukichoka, treni haiko mbali isipokuwa katikati ya safari, nitakueleza. Faida nyingine ni vibao vya kilomita ukingoni. Mosel inahesabiwa kuanzia mdomoni pake, Koblenz, kwa hiyo ukishuka na maji namba zinapungua: 190 na ushei ukiwa Trier, 51 hivi ukiwa Cochem, sifuri mwisho. Hutahitaji simu kujua umebakiza kiasi gani.

Kambi nyingi hufunguliwa Aprili hadi Oktoba. Nenda mwisho wa Mei, Juni au Septemba. Julai na Agosti shule zimefungwa na kambi zimejaa. Epuka pia wikiendi ndefu za Himmelfahrt, Pfingsten na Fronleichnam, sikukuu za Kikristo zinazoangukia Mei na Juni. Wajerumani wote wenye baiskeli huwa wamepata wazo lako siku hiyo hiyo, na maduka hufungwa kama Jumapili.

Kwa wanaokuja kutoka nyumbani: viza ni ya Schengen, inakuruhusu kukaa mpaka siku 90 ndani ya kila siku 180, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Hema si kisingizio cha kutokuwa na anwani. Weka nafasi kambini mapema, upate uthibitisho wa maandishi wa kuambatanisha na maombi.

Hatua ya pili: baiskeli

Huhitaji baiskeli ya mashindano. Unahitaji yenye gia chache zinazofanya kazi, tairi nene kidogo, keria imara nyuma, na siti ambayo makalio yako yameshaizoea. Wakodishaji wapo Trier na Koblenz, na wengine hukubali uirudishe mji mwingine. Ukinunua ya mkononi, dai risiti na uhakikishe namba ya fremu haijakwanguliwa, maana baiskeli za wizi ni nyingi.

Sheria inadai breki mbili, kengele, taa ya mbele nyeupe, ya nyuma nyekundu, na vimulikaji. Kofia ngumu si lazima kisheria, lakini vaa.

Ukiona baiskeli za zamani za Kijerumani utakutana na rafiki wa utotoni: valvu ile ile ya Phoenix ya nyumbani, yenye kofia ya kuzungusha. Mpya nyingi zina valvu nyembamba au ya gari, kwa hiyo hakikisha pampu yako inazikubali. Beba tyubu moja ya akiba, viraka, vijiko vya kutolea tairi na funguo ndogo za pembe sita. Soma namba zilizo ubavuni mwa tairi, kwa mfano 42-622, uziandike kwenye simu. Nje ya baadhi ya maduka ya baiskeli kuna mashine ya kuuza tyubu, unatia sarafu na kuchagua ukubwa, hata Jumapili. Ni kitu kimoja cha dharura ambacho Jumapili ya Kijerumani haijakifunga.

Hatua ya tatu: mzigo

Jiwekee mwisho: kilo 15 pamoja na hema. Mikoba miwili ya pembeni isiyoingiza maji, hema limelazwa juu ya keria, mfuko mdogo kwenye usukani kwa pasi, hela na simu. Vizito viwe chini, na mikoba ilingane uzito, vinginevyo baiskeli itavutia upande mmoja kama toroli lenye gurudumu bovu. Fungasha kila kitu siku mbili kabla, zunguka mtaani nusu saa, rudi, punguza. Kila mtu hupunguza.

Baridi ya usiku ndiyo inayowashangaza watu wa pwani. Julai mchana unaweza kuungua, usiku ukashuka hadi nyuzi 10 na ukungu ukapanda kutoka mtoni. Mfuko wa kulalia uwe wa kustahimili nyuzi 5 kwa raha. Godoro jembamba la kupuliza si anasa, kwani baridi inayokuamsha hutoka chini, ardhini. Ongeza koti la mvua, soksi za sufu za kulalia, tochi ya kichwani, na kamba ya kuanikia.

Jiko dogo la gesi beba, ila mtungi usithubutu kuuweka kwenye begi la ndege, ni marufuku. Nunua ukishafika, kwenye duka la vifaa vya kambi au la vifaa vya ujenzi. Kuna mitungi ya kuskrubu na kuna ya kubofya, na jiko la moja halikubali nyingine. Nenda dukani na jiko mkononi.

Hatua ya nne: treni

Ukiwa na baiskeli, sahau haraka. Treni za masafa marefu, IC na ICE, zinataka nafasi ya baiskeli iliyolipiwa kabla, na majira ya joto nafasi hizo huisha mapema. Treni za mkoa hazihitaji kuweka nafasi. Unatafuta mlango wenye picha ya baiskeli, unaingia, unaifunga kwa mkanda. Zikijaa, viti vya walemavu na vigari vya watoto vina haki kuliko wewe, nawe unasubiri inayofuata.

Katika jimbo la Rheinland-Pfalz, ambamo Mosel yote ya safari hii imo, baiskeli husafiri bure kwenye treni za mkoa kuanzia saa tatu asubuhi Jumatatu hadi Ijumaa, na siku nzima wikiendi. Kabla ya saa tatu unalipia. Ukitokea jimbo jingine, nunua tiketi ya baiskeli kuanzia kwenu. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, kuanzia Januari 2026 ni euro 63, lakini inakubeba wewe tu. Kwa kawaida baiskeli haimo. Tena ni usajili: usipoughairi kabla ya tarehe 10, utakatwa na mwezi unaofuata.

Kutoka Koblenz hadi Trier ni kama saa moja na nusu kwa treni. Utaona jambo la ajabu: karibu na Cochem inaingia mlimani na kutokea upande wa pili, na kati ya Bullay na Schweich inauacha mto kabisa. Hapo ndipo pasipo na treni kando yako. Ukivunjika spoku Piesport, ni kusukuma. Kuna njia ya tawi kutoka Bullay hadi Traben-Trarbach, hiyo ndiyo ya kuokoa katikati.

Hatua ya tano: barabarani

Watu wa Kongo, Rwanda na Burundi wataruka aya hii. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tuliozoea kushoto, tusikilize. Ujerumani ni kulia. Kwenye njia ya mto utakumbuka, maana wote wanakwenda kulia. Hatari ni pale unapotoka dukani, barabara tupu, akili imetulia, mkono unakata wenyewe kushoto. Nilifunga kitambaa chekundu mkono wa kulia wa usukani siku mbili za mwanzo. Shemeji alicheka, mimi niko hai.

Mtaani, penye njia panda isiyo na alama wala taa, anayetoka kulia kwako apite kwanza. Kibao cha duara la buluu chenye baiskeli nyeupe maana yake lazima utumie njia ile. Simu mkononi huku unaendesha ni faini ya euro 55. Na kwa kuwa hili ni bonde la mvinyo: mwendesha baiskeli akikutwa na pombe ya 1.6 kwa elfu damuni ni kosa la jinai, na ukisababisha ajali hata kiasi kidogo kuliko hicho kinakufikisha kubaya.

Hatua ya sita: mgawanyo wa siku

Vijana wawili wenye haraka humaliza kwa siku tatu. Wameona lami. Mimi naigawa hivi.

Siku ya kwanza, Trier hadi Neumagen-Dhron, kilomita 40 hivi. Kabla ya kuondoka, ipe Trier asubuhi. Porta Nigra, lango la Kirumi la mawe yaliyosawijika, lina zaidi ya miaka 1,800. Daraja la Warumi bado linabeba magari juu ya nguzo za karne ya pili. Nyumba aliyozaliwa Karl Marx nayo iko mjini. Kisha shuka mtoni na ufuate vibao vyeupe vyenye baiskeli ya kijani. Neumagen ina meli ya mvinyo ya mbao, nakala ya meli iliyochongwa kwenye jiwe la kaburi la Kirumi lililopatikana pale.

Siku ya pili, hadi Traben-Trarbach, kilomita 47 hivi. Ndiyo ndefu kuliko zote, basi ondoka mapema. Bernkastel-Kues iko njiani, na pale kuna nyumba ndogo ya mbao ya mwaka 1416, juu pana chini nyembamba, kama mtu aliyebeba tenga kichwani. Upande wa pili wa mto, Kues, kuna hospitali ya wazee iliyoanzishwa na kadinali Nikolaus wa Kues kwa ajili ya wanaume 33 maskini. Kusini mwa Ürzig utapita chini ya daraja lililofunguliwa 2019, mita 160 kutoka majini hadi juu. Magari yale juu yanaonekana kama sisimizi kwenye kamba ya nguo.

Siku ya tatu, hadi Bremm, kilomita 34 hivi kupitia Zell. Fika mchana ili jua la jioni ulione likiupiga mlima wa Calmont. Mizabibu imepandwa kwenye mteremko unaofikia digrii 65, na wakulima hupandisha vifaa kwa kijireli chembamba cha jino. Ukiokota jiwe utaelewa kwa nini zabibu zinaiva kaskazini kote huku: ni bapa, jeusi, kama vibao vya kuandikia vya shule za zamani, na linabaki na joto la mchana hata jua likishazama. Liweke shavuni uone.

Siku ya nne ni fupi, kilomita 21 hadi Cochem, kwa makusudi. Fua nguo, kaza nati, kula vizuri. Ngome inayoonekana juu ilibomolewa na Wafaransa mwaka 1689 na kujengwa upya karne ya 19, kwa hiyo ukiambiwa ni ya kale kabisa, nusu ya maneno hayo ni ya biashara.

Siku ya tano, hadi Moselkern, kilomita 17 tu, kwa sababu mchana unapanda kwa miguu hadi ngome ya Burg Eltz. Hii haikuwahi kubomolewa. Acha mzigo kambini, fuata kijito, saa moja na nusu hivi. Usijaribu na baiskeli, mizizi imejaa.

Siku ya sita, kilomita 34 hadi Koblenz, kibao cha sifuri, pale Mosel inapoingia Rhein chini ya sanamu kubwa ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza juu ya farasi.

Upepo mara nyingi hutoka magharibi, ndiyo maana tunashuka na si kupanda. Lakini mto huu unageuka kila saa, na ipo mikunjo ambapo upepo uliokuwa rafiki unakupiga usoni. Pale ambapo kingo zote mbili zina njia, vuka daraja uchague ile isiyo na barabara kuu. Vijiji vingine vina kivuko kidogo, na kengele ya kumwita nahodha iko ukingoni.

Maji utayaona yametulia kama ya bwawa. Kuanzia lile la Trier hadi lile la Koblenz kuna mabwawa kumi yenye malango ya kupitishia meli, na tangu 1964 meli kubwa za mizigo hupanda na kushuka mto huu kama ngazi. Simama kwenye mojawapo uangalie, ni onyesho la bure. Ila usiogelee karibu nayo, wala meli inapopita, kwa sababu maji huvutwa.

Hatua ya saba: kambini

Kupiga hema popote unapopenda ni marufuku. Wapo wanaojificha, sikushauri. Tafuta Campingplatz, na ukifika uliza Zeltwiese, yaani majani ya mahema, mbali na safu za nyumba za magurudumu za Waholanzi. Mtu mmoja mwenye hema dogo na baiskeli aandae kati ya euro 12 na 20 kwa usiku.

Sasa saa zenyewe. Kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana kambi nyingi hufunga: geti limeshushwa, mapokezi hakuna mtu, huo ni Mittagsruhe, usingizi wa mchana uliopewa heshima ya sheria. Ukifika saa saba na robo, kaa kivulini, usipige kengele. Jioni mapokezi mengi hufungwa saa kumi na mbili au saa moja. Ukiona utachelewa, piga simu. Mara nyingi watakwambia ujisimamishie hema, mtamalizana asubuhi. Saa nne usiku ni kunyamaza, hata zipu ya hema utaifungua kwa adabu.

Kwa Waislamu hapa pana mahesabu. Mwezi wa Juni jua linazama kama saa tatu na dakika arobaini na tano usiku, kwa hiyo ukitoa salamu ya Magharibi tu kambi nzima inafunga mdomo. Isha inaangukia karibu na saa sita usiku. Kibla ni kusini mashariki, na mto wenye mikunjo utakuchanganya usipokuwa na dira.

Lipa kwa taslimu au uwe nayo angalau, kadi si kila mahali. Neno letu hela lenyewe lilitoka kwao, Heller, sarafu ya wakoloni, na hadi leo mtu wa kambi anapenda kuiona kwa macho. Weka sarafu za euro moja na senti 50 kando kwa ajili ya bafu. Bafu nyingi hula sarafu au kidude cha plastiki unachonunua mapokezi, na maji hukatika muda ukiisha. Jipake sabuni kwanza, ndipo utie sarafu. Huu ni ushauri wa mtu aliyesimama kipofu, povu machoni, akipapasa ukuta.

Unapochagua mahali, angalia juu, chini na pembeni. Juu: matawi makavu. Chini: bonde dogo ambalo mvua italigeuza beseni. Pembeni: majani marefu yenye meno yanayowasha kama upupu, tena kupe, kwa hiyo jikague miguu usiku. Geuza mlango mashariki ili jua la asubuhi likaushe umande. Kisha tembea hadi kijijini utafute kuta zenye mistari na miaka: ni alama za mafuriko. Ya Desemba 1993 utaikuta juu ya kichwa chako. Ndiyo sababu kambi hizi hufungwa majira ya baridi.

Baiskeli mbili zifungwe pamoja, kufuli moja ipite kwenye fremu zote.

Hatua ya nane: chakula

Jioni, kabla mapokezi hayajafungwa, agiza Brötchen, mikate midogo ya asubuhi. Unalipa, wanaandika jina lako kwenye orodha, na saa mbili asubuhi mfuko wa karatasi unakusubiri, bado una joto. Jina la shemeji walilipatia tahajia tofauti kila kambi, mikate ikawa ile ile.

Vijiji vingi vya Mosel havina duka kubwa. Nunua Trier, Bernkastel, Traben-Trarbach, Zell, Cochem. Jumamosi nunua ya siku mbili. Jumapili maduka ya mikate hufungua saa chache tu asubuhi, basi. Daima uwe na mlo mmoja wa akiba mkobani: tambi, kopo la maharage, mayai ya kuchemsha.

Ugali unawezekana. Unga mweupe uko kwenye maduka ya Waafrika na ya Waasia mijini, na supamaketi za kawaida zina Maisgrieß, chenga za mahindi ya njano, zinazotosha kwa dharura. Tatizo ni jiko. Vijiguu vitatu vile havikutengenezwa kwa mtu anayesonga. Shemeji siku ya tatu alisonga kama yuko jikoni kwake, sufuria ikaruka, ugali ukatua majanini, na bata bukini wawili waliokuwa wakituchungulia tangu jioni wakafika kabla yetu. Sasa mmoja anashika sufuria kwa kitambaa, mwingine anasonga, jiko limezimwa na kuwekwa pembeni kila mara unga unapoongezwa.

Asiyekula nguruwe asome maandishi: Schwein, Speck, Schinken. Soseji usiulize, ruka. Asiyekunywa pombe hatakosa kitu: wakulima wa zabibu huuza Traubensaft, juisi ya mizabibu ile ile, nzito na baridi. Agosti na Septemba funika glasi, maana nyigu nao wanaipenda.

Chupa za plastiki na makopo mengi ya vinywaji yana senti 25 ya rehani. Rudisha kwenye mashine ya supamaketi, kama turudishavyo kreti za soda. Maji ya bomba ni salama kunywa isipokuwa penye kibao cha Kein Trinkwasser.

Mambo yakiharibika

Namba ya gari la wagonjwa na zimamoto ni 112, polisi 110. Ukipiga, taja kijiji kilicho karibu, upande wa mto, na kibao cha kilomita ulichokiona mwisho.

Mvua ya kutwa isiwe vita. Panda treni vituo viwili, au lala kambi ile ile siku ya pili. Magoti yakiuma, inua siti kidogo na utumie gia nyepesi, wengi huendesha na siti ya chini mno. Mikono ikifa ganzi, badilisha unavyoshika usukani kila robo saa.

Siku ya kurudi, fika stesheni ya Koblenz dakika 30 kabla, kwa sababu lifti za baiskeli zina foleni na jukwaa la treni linaweza kubadilishwa dakika ya mwisho. Ikiwa ni siku ya kazi, kumbuka ile saa tatu asubuhi.

Na ukifika nyumbani, hata kama ni usiku wa manane, lifungue hema ulianike bafuni au barazani. Umande wa asubuhi ya mwisho umo ndani. Shemeji lake alilisahau ndani ya mfuko wiki mbili. Ameliosha mara tatu tangu siku ile, na bado akilifungua kambini, majirani husogeza viti wenyewe bila kuambiwa.